Kesi ya Choo cha Mkwe

Mwaka ule wa 1989, hapa Nyamasaria, Kisumu, ni boma letu peke yake lililokuwa na choo chenye muhuri wa mahakama. Sitanii. Karatasi ilibandikwa mlangoni kwa gundi, ina nambari ya kesi, ina sahihi, ina muhuri wa zambarau, na chini yake maneno ambayo mtu aliyebanwa hapendi kuyasoma: asiingie mtu yeyote mpaka kesi isikizwe.

Kuku waliingia. Kuku hawajui kusoma.

Choo chenyewe kilikuwa kipya, mlango wa kijani, na hakikujengwa kwa ajili yetu. Kilijengwa kwa ajili ya mtu mmoja anayeitwa Oduor, mwalimu wa jiografia kutoka Pap Onditi, aliyetaka kunioa mimi, Adero.

Oduor nilimpata sokoni Kibuye, nilipokuwa nauza mitumba kila Jumapili. Alikuja kununua suruali. Ilimwishia juu ya kifundo cha mguu, maana Oduor ana miguu ya korongo, lakini akainunua. Jumapili iliyofuata akarudi kulalamika kwamba ni fupi, akanunua nyingine fupi zaidi. Jumapili ya nne nikamwambia, “Mwalimu, sema tu shida yako, suruali fupi zimeniishia.” Akasema.

Sasa wazee wake walikuwa waje kwetu Jumamosi ya tatu ya mwezi wa nane, pamoja naye, wakae kutwa nzima kuzungumza habari ya mahari. Na hapo ndipo choo kinapoingia. Kwetu, mama mkwe na mkwe wake wa kiume huheshimiana hadi inachekesha. Hawaketi kochi moja, hawapeani mikono ovyo, na juu ya yote hawatumii choo kimoja. Mkwe ni afadhali avumilie mpaka Pap Onditi, njia nzima, macho yamemtoka. Nasi nyumbani tulikuwa na choo kimoja tu, na Mama hakuwa na mpango wa kukihama.

“Nikija kusikia mkwe wangu ameondoka mapema kwa sababu ya choo,” Mama aliniambia, “hiyo ndoa utaifanyia mahali pengine.”

Kwa hiyo Baba akamwita Wakhisi, mchimbaji wa mashimo. Baba ni Mzee Oketch, seremala aliyetengeneza nusu ya milango ya mtaa huu, na hakuna hata mmoja unaokwama isipokuwa wa nyumba yetu. Akamwonyesha Wakhisi mahali: nyuma ya migomba, kando ya ua. Hapakuwa na mahali pengine. Upande wa pili wa boma ukichimba futi tano unakutana na maji.

Ua huo ndio uliotutenga na jirani yetu, Mzee Simiyu, mstaafu wa reli kutoka Bungoma aliyenunua shamba lake mwaka wa 1971. Ni ua wa ojuok, ile mimea ya vijiti vya kijani yenye utomvu mweupe. Utomvu huo ukikuingia machoni utaimba nyimbo zote za kanisani bila kitabu.

Siku ya kwanza ya kuchimba, shimo likiwa limemfika Wakhisi kiunoni, nilimpelekea uji. Akanionyesha chini kwa jembe.

“Dada, tazama maajabu. Visiki vya ojuok, vimejipanga mstari kama watoto wa shule kwenye gwaride.” Kisha akapaza sauti, “Mzee Oketch! Kuna visiki hapa!”

“Vikate uendelee,” Baba akajibu kutoka kivulini. “Visiki havina kesi.”

Mimi nikaangalia uji. Nilijua visiki vile vimefikaje pale. Au niseme vizuri: nilijua ua umeondokaje pale.

Tangu darasa la nne, kila likizo, kazi ya kukata ua ilikuwa yangu. Ilitakiwa nikate, nikusanye vijiti, nivibebe mpaka nyuma ya jikoni vikachomwe. Lakini mimi nilikuwa mvivu mwenye akili, na huyo ndiye mvivu mbaya kuliko wote. Nilikata, nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikavirusha upande wa Mzee Simiyu.

Ojuok haina aibu. Ukiitupa chini, mvua ikinyesha, inashika mizizi inaanza maisha. Vijiti vyangu vikaota mstari mpya mbele ya ule wa zamani. Vya zamani vikakosa jua, vikakauka, Mama akavivunja kuwashia moto. Likizo iliyofuata nikakata mstari mpya, nikarusha tena. Mpaka namaliza kidato cha nne, ua ulikuwa umepiga hatua nne nzima kuelekea jikoni kwa Mzee Simiyu, na hakuna aliyeuona ukienda, kwa sababu ua ukitembea hautimui vumbi.

Mzee Simiyu hakuona ua. Aliona sukuma wiki. Alianza na mistari saba, na sasa alikuwa na mitatu, tena huo wa tatu ukiegemea ukuta wa jiko kama mlevi. Asubuhi moja akatoka na mswaki mdomoni, akaona paa la mabati linang'aa nyuma ya migomba yetu. Akautoa mswaki.

“Oketch! Hiyo choo yako iko kwangu!”

Baba alitoka na randa mkononi. “Simiyu, habari ya asubuhi. Choo iko upande huu wa ua. Wewe uko upande huo. Ua ndio mpaka.”

“Ua imehama!”

“Imehama? Ilipanda gari gani? Wewe mtu wa reli, ndiwe uliyeikatia tiketi?”

Watu waliokuwa wakipita barabarani walicheka. Mzee Simiyu hakucheka. Aliingia ndani, akavaa koti, akaenda mjini, na baada ya siku mbili tarishi wa mahakama akaja kwa baiskeli, na gundi yake.

Utauliza, kwa nini Baba hakumwambia tu kwamba choo ni cha mkwe? Wewe hujawahi kungoja wageni wa mahari. Habari hiyo haipigiwi kelele juu ya ua kabla wageni hawajafika. Wakigeuka njiani, unabaki na aibu na sufuria mbili za wali.

Basi tukaenda kortini, Jumanne ya wiki ileile ya wageni. Siku nne zimebaki, choo kimefungwa, na Mama amevaa viatu vya Pasaka.

Benchi la kungojea lilikuwa moja. Baba na Mzee Simiyu wakalazimika kuketi bega kwa bega, kila mmoja ametazama ukuta wake. Baada ya nusu saa Mzee Simiyu akapapasa mifuko, akagundua kwamba amesahau miwani. Baba akafungua gazeti, akaanza kulisoma kwa sauti.

“Sikusomei wewe,” akasema. “Najisomea.”

“Nani amekuuliza? Hebu rudia hapo kwa mpira.”

Baba akarudia.

Hakimu alikuwa mama wa makamo, miwani yake imening'inia shingoni kwa mnyororo. Alisoma karatasi, akaivaa miwani, akasoma tena.

“Mzee Oketch, nyumbani kwako mko watu wangapi?”

“Watatu, Mheshimiwa.”

“Mna choo kingine zaidi ya hiki chenye kesi?”

“Kipo, Mheshimiwa.”

“Kina shida?”

“Hapana. Ni kizuri sana.”

“Watu watatu, vyoo viwili. Hiki cha pili anakitumia nani?”

Baba akaangalia dari. Mama akaangalia viatu vya Pasaka.

“Mtu ambaye bado hajafika, Mheshimiwa.”

Mahakama nzima ikapasuka kwa kicheko, hata askari wa mlangoni alijifunika uso kwa kofia. Hakimu alimtazama Mama, akanitazama mimi na nywele zangu zilizosukwa jana yake, na nikaona mdomo wake unasogea kidogo upande mmoja. Alielewa. Mwanamke wa umri ule lazima ana mkwe mahali fulani.

“Na huyo mtu anafika lini?”

“Jumamosi.”

“Mheshimiwa,” Mzee Simiyu akasimama, “hata kama ni askofu, asijisaidie kwangu!”

“Ni kwangu!” Baba naye akasimama. “Huyu mzee ni mwongo. Ua haujasogea hata inchi moja. Anataka kuniibia ardhi na meno yake yote nje.”

Kicheko kikakatika. Mzee Simiyu alimgeukia Baba taratibu. “Mwongo, Oketch? Mimi? Miaka kumi na minane tumekaa pamoja, leo ndiyo unaniita mwongo mbele ya watu?”

Hakimu akagonga meza. Akasema kwamba sheria haimruhusu kuketi mjini na kukata mpaka kwa macho. Kazi hiyo ni ya ofisi ya ardhi. Mpimaji atakuja Alhamisi na ramani, Ijumaa saa tatu ripoti iwe mezani pake, na mpaka wakati huo karatasi isibanduliwe mlangoni.

Njiani kurudi sikufanya mzaha hata mmoja. Mama alinigusa paji la uso kuona kama nina homa. Nilikuwa namkumbuka Mzee Simiyu wa miaka ile, anakimbia nyuma ya baiskeli ameshika kiti, anapiga kelele, “Kanyaga, Adero, kanyaga, nimekushika!” na kumbe alishaachilia zamani. Ndiye aliyenifundisha. Baba alikuwa anaogopa kwamba nitaiharibu baiskeli.

Lakini nikisema ukweli, choo kimekwenda, na Jumamosi Oduor ataketi kwetu amekunja miguu yake mirefu, ataaga saa tano asubuhi, na Mama hatanisamehe mpaka nizeeke.

Alhamisi mpimaji akaja, kijana mwenye buti na kofia pana, na msaidizi aliyebeba mnyororo wa kupimia. Alitandaza ramani juu ya meza ya Baba. Pande zote mbili tukakusanyika: sisi watatu, Mzee Simiyu na mkewe Mama Elsie, na Wakhisi aliyekuja kutetea shimo lake.

“Kwenye ramani hii,” mpimaji akasema, “hapa kati yenu hakuna bikoni, hakuna hata jiwe la mpaka. Mpaka ni ua. Kwa hiyo swali ni moja tu. Ua huu uko palepale ulipokuwa ramani ilipochorwa?”

“Palepale,” Baba akasema, na maskini, aliamini.

“Si palepale,” Mzee Simiyu akasema.

“Mzee, una ushahidi?”

“Nina sukuma wiki.”

Mpimaji alikohoa ili asicheke. “Sukuma wiki haimo kwenye sheria, mzee. Kama hakuna kingine, nitaandika kwamba ua uliopo ndio mpaka.” Akafungua kalamu.

Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, kazi ambayo sijawahi kuifanya vizuri. Nikamtazama Mzee Simiyu. Alikuwa amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliye kaburini, anaitazama ile mistari yake mitatu.

“Ua umetembea,” nikasema.

Kalamu ikasimama.

“Adero!” Baba akasema.

“Baba, ni mimi niliyeutembeza.”

Nikaeleza yote, vijiti, utomvu, uvivu, kila likizo. Nilipofika kwenye visiki Wakhisi akadakia, “Si nilisema? Si nilisema kuna visiki? Mnadhani ninapochimba nakuwa nimelala?” Akashika jembe bila kuambiwa na mtu, akachimba upande huu wa choo, kisha upande ule, na visiki vikatoka vimenyooka kama reli yenyewe. Mpimaji akafunga kamba kwenye kisiki cha kwanza, akaivuta kuelekea cha mwisho. Kamba ikaufikia ukuta wa choo, ikaupiga katikati.

Akazunguka nyuma. Huko nako, katikati.

“Wazee,” akasema, akijikuna chini ya kofia, “kazi yangu nimeifanya miaka sita, lakini hii ni mpya. Mtu akichuchumaa humu, kalio moja liko kwa Mzee Oketch, na la pili liko kwa Mzee Simiyu.”

Mama Elsie ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akaushika mgomba, na mgomba ukacheza naye. Mama akafuata, kisha Wakhisi ndani ya shimo lake. Baba na Mzee Simiyu walijikaza kama wanaume wa kwenye picha, lakini mabega yaliwasaliti.

Baba alipotulia alimwendea Mzee Simiyu. Seremala yule, mdomo wake ni mwepesi kuliko randa yake, lakini wakati huu maneno yalimchelewa.

“Simiyu, nilikuita mwongo kortini.”

“Uliniita.”

“Basi mwongo ni ua.”

“Na binti yako.”

“Na binti yangu.”

“Huyo alinyamaza tu,” Mzee Simiyu akasema, akaivaa kofia yake. “Sasa niambieni. Hiyo choo ni ya nani, mpaka mnapigana namna hii?”

Basi kwa kuwa siku ile nilikuwa nimeshaharibu kila kitu, nikamalizia. “Ni ya mkwe, Mzee. Wangu. Anakuja kesho kutwa na wazee wake.”

“Mkwe!” Mama Elsie akapiga makofi, akamgeukia Mama. “Dorca, mkwe anakuja na wewe unaninyima habari? Yawa!” Alishakaa Kisumu mpaka mshangao wake ukageuka kuwa Mjaluo.

“Dada, ningesemaje?” Mama akasema. “Wakirudia njiani je?”

Mama Elsie alikuwa ameshamgeukia mumewe, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepata ufunguo uliopotea. “Baba Nasambu. Waliaula.”

Waliaula ni mume wa binti yao Nasambu, dada yake Elsie, anafanya kazi mjini. Miaka sita tangu waoane, na hajawahi kumaliza kikombe cha pili cha chai pale kwa wakwe zake. Kila akija, baada ya saa moja anakumbuka kwamba kuna mtu anamngoja dukani barabarani. Mzee Simiyu alishaamini kwamba mkwe wake hampendi.

“Kumbe ni choo,” Mzee Simiyu akasema polepole. Desturi ya mkwe kwao Bungoma ni ileile, pengine kali kuliko yetu. “Miaka sita. Mtoto wa watu anakwenda kutafuta choo barabarani, na mimi namnunia.”

Akakitazama choo. Akalitazama kalio lake la ardhi.

“Oketch, nusu yangu naitaka.”

Nikautazama mlango wa kijani kama mtu anayeaga.

“Lakini sitaki uibomoe. Weka mlango upande wangu. Nusu yako iwe ya mkwe wako, nusu yangu iwe ya Waliaula. Na ua urudi kwenye visiki.”

“Mlango wa pili?” Baba alishaanza kupima ukuta kwa macho. “Nitakuwekea usiokwama.”

“Basi usiwe kama wa nyumba yako.”

Ijumaa saa tatu tulikuwa kortini, safari hii kila mzee akiwa na miwani yake. Hakimu alisoma ripoti ya mpimaji, akafika mahali, akaiweka chini, akaomba maji. Kisha akasoma makubaliano: ua urudishwe, choo kibaki, milango iwe miwili, watumiaji wawe wakwe wa pande zote mbili na si mtu mwingine.

“Mzee Oketch, milango miwili. Umefikiria usalama wa mtu aliye ndani?”

“Makomeo mawili, Mheshimiwa. Mimi ni seremala.”

“Haya. Mahakama inaondoa zuio.” Akapiga muhuri, halafu akaongeza bila kuinua macho, “Na mtu ambaye bado hajafika, mwambieni mahakama inamtakia safari njema.”

Baba alifanya kazi mpaka jua likazama, na Wakhisi akakata upenyo kwenye ua mbele ya mlango wa pili. Karatasi ya mlangoni ilibanduka, lakini ile gundi ya serikali ilikataa kuachia kona moja, kwa hiyo robo ya muhuri ilibaki palepale, kama nishani.

Jumamosi wageni wakaja. Wazee wanne wa Pap Onditi, shangazi wawili, na Oduor ndani ya suruali ndefu ya kutosha, niliyomtafutia mwenyewe. Mambo yalikwenda vizuri tangu salamu. Wazee wakaongea, wakacheka, wakakubaliana haraka kuliko tulivyotegemea. Oduor alikunywa uji, akanywa chai, akanywa soda mbili, akanywa mchuzi wote wa samaki. Na hakuinuka.

Saa saba Mama akanivuta jikoni. “Ameenda?”

“Bado.”

Saa nane Baba akamwongezea chai kwa mkono wake mwenyewe. Saa tisa kichwa cha Mzee Simiyu kikatokeza juu ya ua. “Bado?” akaniuliza kwa midomo bila sauti. Nikatikisa kichwa. Kwake nako kulikuwa na mgeni: Mama Elsie alikuwa ametuma ujumbe mjini, na Waliaula yuko pale tangu asubuhi, kikombe cha tatu cha chai, hakuna mtu anayemngoja dukani.

Saa kumi kasoro, Oduor akasimama. Akajikohoza, akamwinamia mjomba wangu, aliyekuja kupokea wageni pamoja nasi, akanong'ona. Mjomba akanyoosha mkono kuelekea migomba, kwa heshima kubwa, kama anayemwonyesha mtu bunge. Mama aliacha kukoroga. Tukasikia mlango wa kijani ukifunguka bila kukwama, na komeo likigonga.

Komeo moja.

Nikajishika kichwa. Katika maelezo yote ya mahari, ng'ombe na shangazi, hakuna aliyemwambia mwalimu wa jiografia kwamba choo kile kina mlango wa pili wa kukomea.

“Hodi?” tukasikia sauti ngeni nyuma ya migomba, kisha mlango mwingine ukifunguka, mwepesi vilevile.

“Uuwi! Samahani!”

“Samahani wewe!”

“Hapana, samahani mimi! Wewe ni nani?”

“Mimi ni mkwe!”

“Hata mimi ni mkwe!”

Halafu kikaanza kicheko, cha wanaume wawili, kikapanda juu ya mabati, wazee wa Pap Onditi wakaulizana kuna nini, Baba akajaribu kueleza, akashindwa, akaishia kufuta machozi kwa tai yake.

Walirudi pamoja baada ya muda, kila mmoja akiwa amemaliza zamu yake, wamezunguka choo wameshikana mikono kama watu waliosoma shule moja. Nyuma yao Mzee Simiyu na Mama Elsie, na fungu kubwa la sukuma wiki kutoka ile mistari mitatu. Viti vikasogezwa. Hakuna aliyeondoka mapema.

Oduor akaketi karibu nami, bado anahema. “Adero,” akaninong'oneza, “kwenu hupokea wageni mpaka chooni?”

“Mwalimu,” nikamwambia, “wewe hufundisha mipaka kila siku kwa ubao na chaki. Leo umeukalia wenyewe. Wangapi shuleni kwenu wanaweza kusema hivyo?”

Jumatatu nilianza kung'oa ojuok, mstari kwa mstari, na kuirudisha kwenye visiki. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yangu, na hakimu hakuwa na habari nayo. Mzee Simiyu aliweka kiti upande wake, anasimamia.

“Vijiti ubebe mpaka jikoni kwenu,” akasema.

“Ndiyo, Mzee.”

“Nakuona.”

Nikabeba.